Jino Linaloacha Kuuma Mlangoni

Nilikuwa wa nne kwenye benchi jino lilipoacha kuuma. Usiku mzima lilikuwa limeninyima usingizi. Nimesukutua maji ya chumvi, nimebana karafuu kwenye gego, nimeapa kwamba kukipambazuka tu naenda kuling'oa. Sasa nimefika, nimelipia kadi, nimeonyeshwa pa kukaa, na jino kimya, kama vile lenyewe ndilo lililoogopa zaidi. Nyuma ya mlango mashine ikaanza kulia, ule mlio mwembamba unaopanda kama mbu aliyeingia sikioni. Mama mmoja wa makamo aliyekaa pembeni yangu, khanga ameikaza shavuni, aliniona ninavyotupia macho njia ya kutokea.

"Baba, usiondoke," akaniambia. "Hilo linakuhadaa. Litarudi na ndugu zake."

Niliondoka.

Lilirudi baada ya miezi mitatu, na kweli lilikuja na ndugu zake: shavu limevimba, jicho limebaki ufa, kinywa hakifunguki hata kupitisha kijiko. Safari hii sikuwa na pa kukimbilia. Daktari alichoma ganzi, akasubiri, akagusa, nikaruka. Akachoma tena, nikaruka tena. Jino lilitoka, ila safari yake niliisikia yote. Tangu siku ile nilikaa miaka 11 bila kumfungulia kinywa daktari yeyote wa meno. Mke wangu alijua kwamba natafuna upande mmoja. Watu wengine nikiwaambia sipendi nyama choma.

Kwa muda mrefu niliamini yule daktari hakujua kazi. Nimekuja kuelewa kwamba kosa kubwa lilifanyika mapema zaidi, pale benchini. Ganzi inayotumika sana, lignokaini, iligunduliwa na Msweden Nils Löfgren mwaka 1943, na ni dawa nzuri mno. Lakini ili ifanye kazi ni lazima ipenye ukuta wa neva. Penye uvimbe na usaha, nyama ya ufizi huwa na asidi, na kwenye asidi sehemu kubwa ya dawa hiyo hugeuka ikawa katika hali isiyopenya. Sindano imeingia, dawa ipo, neva haina habari. Ongeza na hofu yenyewe, maana mwili uliokwisha kushtuka husikia kila mguso kwa ukali wake. Kwa hiyo anayeogopa huchelewa, aliyechelewa ganzi humkataa, na aliyekataliwa na ganzi huogopa maradufu, akachelewa zaidi. Nimeambiwa mara nyingi "jikaze, wewe ni mwanamume". Nilijikaza vizuri tu. Nilijikaza nyumbani kwangu, miaka 11.

Hofu hii inapimika, jambo ambalo lilinifariji nilipolisikia. Mwaka 1969 Mmarekani Norman Corah alitunga maswali machache ya kuipima, na mwaka 1995 Gerry Humphris wa Uingereza na wenzake wakayaongeza yakawa matano. Ungejisikiaje kama kesho ungekuwa na miadi ya daktari wa meno? Ukiwa chumba cha kusubiri? Ukijua sasa hivi jino litatobolewa kwa mashine? Ukisafishwa meno? Ukichomwa ganzi kwenye ufizi wa juu, nyuma kabisa? Kila jibu lina alama 1 hadi 5. Anayefikisha 19 kati ya 25 huhesabiwa kuwa na hofu kubwa inayohitaji kushughulikiwa kama ugonjwa mwingine wowote. Mimi nilipata 22. Niliyajibu maswali hayo nikiwa kwenye kochi langu, na viganja vikatoka jasho.

Tuelewane kwanza maneno, kwa sababu hapa wengi tunachanganya. Mtu akisema "nilichomwa sindano ya usingizi nikang'olewa jino", mara nyingi anazungumzia ganzi tu. Ganzi hushughulika na jino. Mwenyewe uko macho, unasikia kila kitu, unaweza hata kuhesabu vigae vya dari. Nusu kaputi ni jambo jingine kabisa: hapo unazimwa, na mtaalamu wa usingizi anasimamia hata pumzi yako. Kati ya hizo mbili zipo dawa za kutuliza, ambazo jino haziligusi. Kazi yake ni kwa mwenye jino. Unakuwa macho au umesinzia kidogo. Ukiitwa unaitika, ukiambiwa fungua kinywa unafungua, koo lako linajilinda lenyewe. Kinachoondoka ni ule moyo kwenda mbio. Ganzi utachomwa palepale, ila utachomwa ukiwa mtu mwingine.

Waliozifikisha dawa hizi duniani si madaktari wakubwa wa upasuaji. Zilianzia kwa mganga wa meno wa mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Jioni ya tarehe 10 Desemba 1844, Horace Wells, wakati huo ana miaka 29, alitoka na mkewe kwenda kutazama maonyesho ya bwana mmoja aitwaye Gardner Colton. Yalikuwa maonyesho ya kuchekesha watu. Anayetaka alipanda jukwaani, akavuta gesi kutoka kwenye mfuko, na baada ya hapo akawa kituko: wengine waliimba, wengine walicheza, wengine wakapepesuka kama walevi, na ukumbi ukavunjika mbavu.

Gesi hiyo ilikuwa nitrasi oksaidi, na haikuwa ngeni. Joseph Priestley wa Uingereza aliitengeneza mwaka 1772. Humphry Davy, aliyekuwa akiifanyia majaribio mjini Bristol hadi kuivuta mwenyewe, aliandika mwaka 1800 kwamba inaonekana kuondoa maumivu na huenda ingefaa katika upasuaji. Aliandika, kitabu kikachapwa, na miaka 44 ikapita. Kila nikikumbuka jambo hili hasira hunipanda. Watu wakikatwa miguu huku wameshikiliwa na wanaume wanne, na dawa iko jukwaani inauzwa kama kichekesho.

Usiku ule kijana mmoja karani wa duka la dawa, Samuel Cooley, alivuta gesi, akapagawa, akawa anakimbia huku na huko na kujigonga mguu kwenye benchi. Akarudi kukaa karibu na Wells. Damu inamtoka mguuni, hana habari. Wells akamuuliza kama haumii. Kijana akainua suruali, akashangaa.

Kesho yake Wells alikalia kiti chake mwenyewe. Colton akaleta mfuko wa gesi, mganga mwenzake John Riggs akashika koleo, na gego la Wells likatoka. Alipozinduka alisema hakusikia zaidi ya kuchomwa pini. Naipenda sana asubuhi hiyo. Hakumtafuta mtumwa wala maskini wa kumjaribia. Alitoa jino lake.

Yaliyofuata yanasikitisha. Januari 1845 alikwenda Boston kuwaonyesha madaktari na wanafunzi wao. Gesi hii ni dhaifu kuliko alivyodhani, na mfuko uliondolewa kabla ya wakati. Mgonjwa akapiga ukelele. Wanafunzi wakazomea, wakamwita tapeli. Baadaye mgonjwa mwenyewe alisema hakuumia kiasi hicho, lakini nani angesikiliza tena? Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji huohuo, William Morton, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Wells na kisha mshirika wake, alitumia etha mgonjwa akapasuliwa shingoni bila kulia, na sifa zikamwendea yeye. Wells akahamia kujijaribia klorofomu. Akili ikamruka, akiwa New York aliwamwagia tindikali wanawake barabarani, akatiwa ndani, na mwezi Januari 1848 akajitoa uhai mahabusu. Alikuwa na miaka 33. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilimpa heshima ya ugunduzi huo mwaka 1864, na hivi leo sanamu yake ipo kwenye bustani ya Bushnell mjini Hartford, kwa faida ya wapita njia.

Si ajabu kwamba aliyeyaona haya alikuwa mganga wa meno. Mpasuaji wa zama zile aliletewa mtu aliyekwisha kubebwa machelani, hana hiari. Mganga wa meno yeye huona wanaofika mlangoni na kugeuka. Hofu humpunguzia wateja kila siku.

Wakati ule gesi ilivutwa tupu, haikuchanganywa na chochote, na baadhi ya ule utulivu ulikuwa ni kukosa hewa tu. Mwaka 1868 Edmund Andrews, mpasuaji wa Chicago, alianza kuichanganya na oksijeni, na hapo ndipo mambo yakakaa sawa. Mashine za leo za madaktari wa meno zimefungwa kwa namna ambayo hata anayezitumia akitaka, hawezi kushusha oksijeni chini ya asilimia 30. Hewa tunayovuta barabarani ina asilimia 21.

Nimevuta gesi hiyo mwenyewe, kwenye kliniki moja ya binafsi ambayo sina sababu ya kuitangaza. Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Hakunikimbiza kwenye kiti. Aliketi kwanza, tukawa macho kwa macho, akaniuliza jino la zamani lilitokaje, na nilipomaliza kusimulia hakusema "ah, hayo ni ya zamani". Akasema, "Pole sana, baba. Ganzi haikushika, na hukupaswa kuendelea hivyo." Miaka 11 nilikuwa nasubiri mtu wa kuniambia sentensi hiyo.

Kando ya kiti kulikuwa na mitungi, na ule wa gesi ni wa buluu. Nikavishwa kitu laini puani tu, kinywa kikabaki wazi, na kidoleni nikabanwa kile kipimo tulichokizoea wakati wa Korona, kinachosoma oksijeni ya damu na mapigo ya moyo. Mapigo yangu yalikuwa 118. Akafungua oksijeni peke yake, kisha akaanza kuongeza gesi kidogokidogo, akiuliza kila mara: "Sasa unajisikiaje?" Harufu yake ni tamu kwa mbali. Dakika ya pili au ya tatu vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi kwa namna ya kupendeza, kama mtu aliyekalia mguu vibaya na hajali. Mikono ikawa mizito na ya joto. Sauti ya redio chumba cha pili ikasogea mbali, ikawa kama iko kwa jirani. Sikucheka, ingawa wenyewe huiita gesi ya kucheka. Nilitabasamu tu, nikijua kabisa kwamba natabasamu.

Sindano ikaingia. Niliisikia. Niliisikia kama habari ya mtu mwingine.

Mapigo yalikuwa 84 alipoanza kutoboa. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nikitaka asimame nitainua mkono wa kushoto, na nilipouinua mara moja, kwa kujaribu tu, alisimama papo hapo. Sikuinua tena. Alipomaliza kuziba akafunga gesi, akaniachia oksijeni tupu kwa dakika tano hivi, na akili ikarudi nyumbani yote. Nilitoka kwa miguu yangu, nikakaa nje robo saa kwa amri yake, nikaondoka.

Hiyo ndiyo sifa kubwa ya gesi hii: inaingia haraka na kutoka haraka, na daktari anaiongeza au kuipunguza kadiri anavyokuona. Mipaka yake nayo ni ya wazi. Inapitia puani, basi mwenye mafua makali na pua iliyoziba haitamfaa. Mtoto aliyekwisha kuanza kulia haitamfaa pia, kwa sababu anayelia hupumua kwa kinywa. Gesi ni ya mtoto mwenye wasiwasi anayekubali kusikiliza. Mjamzito, hasa miezi mitatu ya kwanza, aseme. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni na kuwekewa hewa ndani ya jicho, aseme kabla ya kukaa kitini. Na watu wa mazingira hawaipendi: tani moja ya gesi hii hupasha dunia joto kwa kiasi cha tani 270 hivi za kaboni dioksaidi.

Kwa wale ambao gesi haiwatoshi, kuna vidonge na kuna sindano ya mshipani. Diazepamu ilianza kuuzwa mwaka 1963. Siku hizi sindanoni hutumika zaidi midazolamu. Hii ina tabia ya ajabu: hufuta kumbukumbu. Mgonjwa anaongea na daktari, anafungua kinywa, anageuza shingo akiambiwa, na kesho yake anakula kiapo kwamba alilala fofofo. Kwa mtu ambaye maradhi yake hasa ni kumbukumbu mbaya, naelewa kwa nini inapendwa. Ina pia dawa ya kuitangua, flumazenili, inayomzindua mtu kwa dakika chache. Ila flumazenili inaweza kuisha mwilini kabla ya midazolamu kuisha, mgonjwa akaanza kuzama tena akiwa tayari anavaa viatu. Ndiyo maana kliniki yenye akili haimruhusu mtu kuondoka haraka kwa sababu tu amefungua macho.

Kidonge kinaonekana chepesi kuliko sindano, na hapo ndipo penye mtego. Sindano ya mshipani daktari anaitoa kidogo, anaangalia, anaongeza kidogo. Kidonge kikishamezwa kimemezwa. Kama kilikuwa kingi kwako hakirudi. Najua watu wanaonunua diazepamu dukani, wakameza viwili asubuhi ya miadi na kufika kwa daktari bila kusema neno, wengine wakiwa wamesindikizia na bia ya "kutoa woga". Pombe na dawa hizi zote hupunguza pumzi, na zikikutana zinasaidiana. Mwambie daktari ulichokunywa na ulichotafuna, mirungi ikiwemo. Mwambie pia kama unakoroma sana na kukatika pumzi usingizini. Mkeo au mumeo ndiye anayelijua jibu la swali hilo, muulize kabla hujatoka nyumbani.

Baada ya sindano au kidonge cha namna hii usipande bodaboda peke yako, sembuse kuiendesha. Lazima mtu mzima akusindikize na akae nawe. Saa 24 zinazofuata usiendeshe chombo, usiwashe jiko la mafuta ukiwa peke yako, usitie saini karatasi yoyote. Mambo ya kiwanja yasubiri kesho.

Sipendi namna baadhi ya matangazo mitandaoni yanavyoiuza huduma hii: mrembo kafumba macho, kitambaa cheupe, maneno kwamba utalala na kuamka na tabasamu jipya. Utulivu na usingizi mzito viko kwenye ngazi moja, na mtu anaweza kuteremka kutoka kipandio kimoja hadi kingine bila mtu kukusudia. Dozi iliyomtuliza kaka yako inaweza kukuzima wewe. Watoto ndio huteremka haraka zaidi: njia yao ya hewa ni nyembamba, akiba yao ya oksijeni ni ndogo. Uingereza, ambako kwa miaka mingi watu walizimwa kwa nusu kaputi kwenye vyumba vya kawaida vya meno mitaani, vifo viliwalazimisha kufikiri upya. Ripoti ya kamati ya Profesa Poswillo ilitoka mwaka 1990, na kuanzia mwisho wa mwaka 2001 England ikapiga marufuku nusu kaputi ya meno nje ya hospitali. Kutuliza kukaruhusiwa kuendelea kwa masharti. California nako walibadili sheria mwaka 2016 baada ya mtoto wa miaka sita kufariki akitolewa jino. Katika visa vya namna hii swali linalorudi ni lilelile: nani alikuwa anaangalia pumzi? Anayekazania jino haoni kifua. Macho yako kwenye shimo dogo lenye damu, masikio yamejaa mlio wa mashine. Inahitajika jozi nyingine ya macho isiyo na kazi nyingine.

Kwetu huduma hizi zipo, ila hazijasambaa. Utazipata zaidi kwenye kliniki za binafsi za miji mikubwa. Mtoto mdogo mwenye meno mengi yaliyooza hupelekwa hospitali kubwa akafanyiwa yote mara moja kwa nusu kaputi. Kwa mgonjwa wa wilayani, chaguo lake mara nyingi ni moja: ganzi na koleo. Lakini tusijidharau. Njia mojawapo iliyopunguza hofu ya meno duniani ilizaliwa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akifanya kazi na shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, alitafuta namna ya kuziba meno mahali pasipo umeme. Badala ya mashine, zikatumika zana za mkono: sehemu laini iliyooza inakwanguliwa taratibu, tundu linajazwa saruji ya meno inayoshika yenyewe na kukandamizwa kwa kidole. Hakuna mlio, na mara nyingi hata sindano haihitajiki, kwa sababu sehemu iliyooza haina uhai wa kuuma. Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Ilibuniwa kwa ajili ya uhaba wa umeme. Madaktari wa nchi zenye umeme wa kumwaga wakaichukua kwa ajili ya watoto waoga.

Masharti yake ni kwamba tundu liwe bado dogo. Yaani ufike mapema. Tumerudi pale benchini.

Na kufika mapema kunaanzia nyumbani. Ni mzazi gani wa kwetu hajawahi kusema, "Ukiendelea na utundu nitakupeleka kwa daktari akakuchome sindano"? Mimi nimesema. Tunamfanya daktari kuwa zimwi kwa miaka saba, halafu jino linapotoboka tunamwambia mtoto usiogope, huyu ni mjomba wako. Madaktari wa watoto wana utaratibu wao wa tangu mwaka 1959, na hauna gharama: mweleze mtoto unachotaka kufanya, mwonyeshe kifaa kwenye ukucha wake, kisha ndipo ukifanye kinywani. Mpeleke siku ambayo hakuna kinachouma. Akahesabiwe meno, apande na kushuka na kile kiti, arudi nyumbani.

Kwa mtu mzima ambaye amekwisha kuharibiwa, kama nilivyokuwa mimi, sioni aibu kuomba kutulizwa. Nimekwenda mara tatu tangu siku ile. Mara ya pili nilivuta gesi kidogo kuliko ya kwanza. Mara ya tatu nilichomwa ganzi tu, mapigo yakiwa 96, mkono wa kushoto ukiwa tayari.

Wewe unayesoma huku unatafunia upande mmoja, piga simu wiki hii, kabla shavu halijavimba. Sema tangu mwanzo kwamba unaogopa. Si siri, na daktari anapanga muda wako kwa kulijua hilo. Uliza kama wana gesi au dawa nyingine ya kutuliza. Kisha, kabla ya kuuliza bei, uliza hivi: daktari akiwa anashughulika na jino langu, nani mwingine atakuwa chumbani akiangalia pumzi yangu, amesomea nini, na kuna oksijeni? Wakikujibu kwamba daktari ataangalia yote peke yake, shukuru, kata simu, tafuta kwingine.